Mgeni Njoo, Lakini Tuhesabu Magodoro

Kila mwaka Tamasha la Tumaini linapokaribia, kauli mbili husikika hapa Dzaleka. Ya kwanza hutoka kwa wenyeji: "Kwetu nyumba haijai." Ya pili hutoka kwa watu wa nje, hasa wale wanaokuja kwa gari asubuhi na kurudi Lilongwe kwa gari jioni: "Kambi imejaa, si mahali pa mgeni kulala." Nimezisikia zote mbili tangu nikiwa mtoto, na nasema wazi kwamba zote mbili ni za makosa. Ya kwanza inawaumiza watoto na akina mama wa nyumba zetu. Ya pili inatufanya sisi tuwe watu wa kutazamwa mchana na kuachwa usiku. Ninatetea jambo la tatu: kila nyumba inayolaza wageni wanaolipa iwe na kikomo, kikomo hicho tukiweke sisi wenyewe tunaoishi humu, na kipimwe kwa magodoro, vyandarua na vyoo.

Kwa msomaji asiyeijua Dzaleka, nieleze kidogo. Kambi iko wilaya ya Dowa, kilomita zaidi ya 40 kaskazini mwa Lilongwe. Zamani za Kamuzu Banda palikuwa gereza. Mwaka 1994, vita na mauaji ya Maziwa Makuu yalipowamwaga watu hadi Malawi, pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumezidi 50,000: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi na Wanyarwanda, na wachache kutoka Ethiopia na Somalia. Kichewa ni lugha ya majirani zetu na ya nchi, lakini sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji Kiswahili ndicho kinachotuunganisha.

Mwaka 2014 mshairi Menes La Plume, naye mkimbizi kutoka Kongo, alianzisha Tamasha la Tumaini hapahapa kambini. Tangu hapo wanamuziki, wachezaji ngoma na washairi hukutana Dzaleka, na maelfu ya Wamalawi na wageni kutoka mbali huja kusikiliza. Baadaye ukaja utaratibu wa mgeni kulala katika nyumba ya mkimbizi. Mgeni hula chakula cha nyumba hiyo, huoga kwa ndoo ya nyumba hiyo, hulipa, na fedha hubaki mkononi mwa familia. Sina ugomvi na utaratibu huo. Nausifu. Mtu wa Lilongwe aliyeamka kwetu, akamwona mama akiwasha mkaa na watoto wakigombea kioo kabla ya shule, hawezi tena kuambiwa kwamba Dzaleka ni pango la wezi. Ugomvi wangu ni juu ya swali ambalo tunaona haya kuliuliza: wageni wangapi katika nyumba moja?

Nianze na nyumba ninayoijua, yaani yetu. Ina vyumba viwili vya kulala na sebule. Kila chumba ni mita tatu kwa tatu, sebule ni mita tatu kwa nne. Jumla ni mita za mraba 30. Kuta ni za matofali ya udongo, na paa ni la nyasi juu ya plastiki, isipokuwa sebule ambayo tumeiwekea bati. Tunalala watu saba: bibi, mama, wadogo zangu wanne na mimi. Mashirika ya misaada duniani yana kipimo cha chini kinachoitwa Sphere: mita za mraba 3.5 zilizoezekwa kwa kila mtu. Ukigawa 30 kwa saba unapata 4.3 hivi. Tumepita, kwa shida. Akija mgeni mmoja tunakuwa wanane na kila mmoja anapata 3.75. Bado tumepita. Wakija wawili tunashuka hadi 3.3, na hapo tumeanguka.

Tamasha moja tulilaza wanne. Tukawa watu 11 katika mita 30. Bibi alihamia chumba cha mama. Wadogo zangu wawili walipelekwa kulala kwa jirani, ambaye naye alikuwa na wageni wake. Mimi na mdogo wangu mwingine tulilala jikoni, yaani kibanda cha nje chenye majivu na kuni. Vyandarua vya nyumba tulikuwa navyo vitatu, na viwili vikaenda kwa wageni, kwa sababu hakuna mwenyeji mwenye aibu zake atakayemwacha mgeni aliyelipa ang'atwe na mbu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Majuma mawili baadaye mdogo wangu wa mwisho aliugua malaria. Siwezi kuthibitisha mbu alimng'ata usiku upi. Naweza kuthibitisha usiku upi alilala bila chandarua.

Mama hakulalamika, na hapo ndipo penye tatizo. Nilipomwuliza kama mwaka ujao tupunguze wageni, alinijibu, "Mwanangu, mgeni akilala vibaya aibu ni yetu." Jibu hilo nalijua, ni jibu la akina mama wote wa mtaa wetu. Lakini angalieni linavyofanya kazi. Mgeni akilala vibaya aibu ni yetu, kwa hiyo mtoto alale vibaya, maana mtoto haandiki popote wala harudi Lilongwe kusimulia. Ukarimu usio na kikomo kila mara hulipwa na yule asiye na sauti ndani ya nyumba.

Wapo watakaosema kwamba kuhesabu wageni ni desturi ya Wazungu na kwamba Mwafrika hahesabu. Nawaomba wanaosema hivyo waisikilize lugha yao wenyewe. Waswahili walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji augue. Tena walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hiyo ni hesabu. Wazee waliweka kikomo cha siku, na wakakiweka bila kuona haya, kwa sababu walijua kwamba ghala lina mwisho. Hata ujenzi wetu unahesabu. Mswahili wa pwani alijenga baraza mbele ya nyumba, na kwetu mashariki ya Kongo tunalo neno hilohilo. Barazani hupokelewa watu wote, hata 20, kwa kahawa na maneno. Chumbani huingia wachache. Aliyejenga hivyo alitofautisha kumkaribisha mtu na kumlaza mtu. Sisi wa leo tumechanganya mambo hayo mawili, kisha tukasema ni mila.

Isitoshe, mgeni wa methali hakuwa akilipa. Fedha ikiingia, ukarimu hauondoki, lakini haubaki peke yake. Nyumba inayopokea malipo kwa usiku ni biashara ndogo, na biashara ya kulaza watu huwekewa kanuni kila mahali. Amsterdam, mwenye nyumba anayepangisha nyumba yake kwa watalii haruhusiwi kulaza zaidi ya watu wanne kwa wakati mmoja, wala kupangisha zaidi ya idadi ya usiku iliyowekwa kwa mwaka. New York ilianza Septemba 2023 kuitekeleza sheria inayosema kwamba wageni wa muda mfupi wasizidi wawili na mwenye nyumba awepo humo ndani. Miji mingi ya Marekani hutumia kanuni ya watu wawili kwa kila chumba cha kulala, kisha wawili wa nyongeza. Miji hiyo haikuweka vikomo kwa kuchukia wageni. Wakazi walilalamika kwamba wageni wanawasukuma: kodi zinapanda, ngazi hazina utulivu, taka zinajaa, na nyumba za kuishi zinageuka hoteli.

Lakini siwaombi tuzichukue kanuni hizo kama zilivyo, maana zitatuua. Chukua ile ya wawili kwa kila chumba na wawili wa nyongeza. Nyumba yetu ina vyumba viwili, kwa hiyo kikomo ni watu sita. Sisi tuko saba kabla mgeni hajabisha hodi! Kwa sheria ya aina hiyo familia yangu yenyewe ni kosa. Ndiyo maana nawapinga vilevile wale wa Lilongwe wanaosema kambi imejaa, basi wageni wasilale. Wanapima kwa rula ya nyumba za Area 47, halafu wanashangaa kwamba hatutoshi. Rula hiyo haina faida kwetu. Tunahitaji ya kwetu, inayouliza jambo moja tu: mgeni huyu akiingia, nani anatoka?

Kuna sababu nyingine ya kutaka kikomo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kikomo hugawa riziki. Tembeeni Dzaleka wakati wa tamasha mwone nani analaza wageni. Nyumba za bati na sakafu ya saruji zilizo karibu na barabara na soko hujaza watu hadi sebuleni. Nyumba za nyasi za pembezoni hazipati mtu. Mjane mwenye chumba kimoja safi na kitanda kimoja kizuri husubiri siku zote za tamasha na kuambulia kuona wageni wakipita. Sio kwamba mgeni amemkataa. Mgeni hajui kwamba yupo, kwa sababu nyumba sita wamekwisha kupelekwa alikopelekwa mwenzake. Nyumba moja ikikubali wageni wanane, imekula riziki ya nyumba saba. Kisha tunasimama jukwaani kuimba juu ya umoja.

Fanyeni hesabu ndogo pamoja nami. Tuko zaidi ya 50,000. Tuseme kila nyumba ina watu saba kama yetu. Hizo ni nyumba zaidi ya 7,000. Nyumba moja katika kila kumi ikilaza mgeni mmoja tu, tumelaza wageni zaidi ya 700 bila mtoto hata mmoja kupelekwa jikoni. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kikomo kitawarudisha wageni Lilongwe. Kitawasambaza kutoka barabarani hadi Katubza, hadi Lisungwi, hadi Likuni, na fedha itawafuata.

Sasa niseme ninachopendekeza. Ni mambo matano, na yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani kwa kiongozi wa mtaa.

Kwanza, hakuna nyumba itakayolaza zaidi ya wageni wawili wanaolipa, hata ikiwa ya bati, hata mwenye nyumba awe nani. Ndugu wa damu waliokuja kusalimia hawamo katika hesabu hii. Hao ni watu wa nyumba.

Pili, mwenye nyumba aseme kabla, kwa jina, nani atampisha mgeni na atalala wapi. Anayempisha mgeni alale chini ya paa lilelile, juu ya godoro. Jikoni na kwa jirani havihesabiki. Ikiwa jibu ni jikoni, mgeni huyo apelekwe nyumba nyingine.

Tatu, mgeni aje na chandarua chake, au anunuliwe kwa fedha atakazolipa, na baada ya tamasha kibaki katika nyumba. Kipimo cha afya kinachojulikana ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Nyumba ikishuka chini ya hapo kwa sababu ya mgeni, imepata hasara hata kama imepata kwacha.

Nne, tuhesabu vyoo, si vyumba peke yake. Kipimo cha Sphere ni watu 20 kwa choo kimoja. Choo chetu tunakitumia familia tatu, watu 19. Mgeni mmoja anatufikisha ukingoni, na wawili wanatuvusha. Asiyeona umuhimu wa jambo hili akumbuke kipindupindu kilichoanza nchini Machi 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700 katika Malawi nzima kabla hakijatulizwa. Ugonjwa ule ulipita kwenye maji na vyoo, na haukujali nani ana moyo mkunjufu.

Tano, neno la mwisho liwe la mama wa nyumba, au la yeyote anayechota maji. Kipimo cha chini cha maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Wageni wanne kwa siku tatu ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20 juu ya yale ya kila siku. Nimeona wanaume wakikubali wageni wakiwa wamekaa kibarazani, kisha madumu tisa yakatembea kichwani mwa msichana wa darasa la saba. Anayesema nyumba haijai aulizwe kwanza kama amewahi kusimama kwenye foleni ya pampu saa kumi alfajiri. Mara nyingi hajawahi.

Kwa kanuni hizi nyumba yetu itapokea mgeni mmoja, kwa sababu ya choo na ya mita za mraba. Mmoja tu. Nasema hivyo nikijua maana yake. Ninasoma shahada kwa njia ya mtandao, na fedha za wageni wanne zililipa vifurushi vyangu vya intaneti kwa sehemu kubwa ya muhula. Mgeni mmoja atalipa robo ya hapo. Kwa hiyo asije mtu akafikiri ninawanyima wengine kitu ambacho mimi sikihitaji. Nakihitaji. Ila sikubali kusoma kwa chandarua cha mdogo wangu.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wengine watasema, "Nani atasimamia? Mtu ataficha wageni." Watafichwa wapi? Dzaleka kuta zetu zinagusana. Jirani anajua umepika nini kwa harufu. Kiongozi wa mtaa anayejua kila mwaka nani amejifungua na nani amehama hawezi kushindwa kujua nani amelaza Wajerumani watano. Hatuhitaji polisi. Tunahitaji orodha na kukubaliana kwamba nyumba iliyozidisha mwaka huu itakuwa ya mwisho kupelekewa wageni mwaka ujao.

Wengine watasema mgeni mwenyewe hatapenda kutenganishwa na rafiki zake. Atapenda. Wanne wakikaa pamoja huongea wao kwa wao hadi usiku, tena kwa lugha yao, na wenyeji huwapelekea chai. Mgeni aliye peke yake hulazimika kuongea na bibi. Kama alikuja kutujua, basi kikomo kinamsaidia na yeye pia.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na limenisumbua. Papa mmoja anayeheshimika mtaani kwetu aliniambia, "Kijana, mkiandika kwenye karatasi kwamba nyumba zetu zimejaa, ofisi itaichukua karatasi hiyo na kutupiga nayo. Watasema, basi wageni marufuku. Kesho watasema, basi na tamasha marufuku." Hofu hiyo si ya kijinga. Anayeishi kwa ruhusa ya wengine hujifunza kutoandika mambo.

Lakini tukumbuke historia. Neno "kambi imejaa" halikuanzia kwetu, na halijawahi kumzuia mkubwa yeyote kuijaza zaidi. Kambi ya Luwani ilipofungwa mwaka 2007, watu wake waliletwa Dzaleka. Tarehe 27 Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, na ikawapa hadi 15 Aprili. Watu hao wengine walikuwa na miaka mingi huko nje, wana maduka, wana wake na waume Wamalawi, watoto wao wako shule. Mwezi Mei polisi walianza kuwakamata Lilongwe. Mamia walichukuliwa, watoto miongoni mwao, na wengi walipitishwa gereza la Maula kabla ya kuletwa hapa. Katika siku hizo sikumsikia afisa yeyote akiuliza mita za mraba. Hakuna aliyeuliza choo kimoja kinatumiwa na wangapi. Watu walishushwa na mizigo yao, na waliowapokea ni hawahawa wenye nyumba za watu saba.

Angalieni basi jinsi hesabu inavyotumiwa. Mtu akitaka kuja kwetu kwa hiari yake, kwa siku tatu, alipe na aondoke, tunaambiwa kambi imejaa. Mtu akiletwa kwa nguvu akae miaka 20, nafasi ipo. Kanuni inayomzuia mgeni anayependa kuja na kumruhusu mfungwa asiyependa si kanuni ya afya. Ingekuwa ya afya, ingeanza na wale wanaokaa siku 365 kwa mwaka.

Ndiyo maana namjibu papa yule kwa heshima kwamba tuandike. Tukijua kwa nambari kila nyumba ina watu wangapi, magodoro mangapi, vyandarua vingapi na choo kinachotumiwa na nani, tutakuwa na kitu ambacho leo hatuna: rula ya kwetu wenyewe. Ofisi ikija kusema wageni wawili ni wengi, tutauliza kwa nini watu kumi katika mita 30 mwaka mzima si wengi. Asiyehesabu huhesabiwa na wengine, na sisi tumehesabiwa vya kutosha.

Dawa ya msongamano wa Dzaleka inajulikana, nayo haiko mikononi mwa akina mama wanaolaza wageni. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikaweka masharti, mojawapo likihusu uhuru wa mkimbizi wa kutembea na kuchagua mahali pa kuishi. Juu ya sharti hilo ndipo penye msingi wa sera ya kukaa kambini. Fungueni hapo, na msongamano utapungua bila kujenga nyumba hata moja. Fundi atahamia Lilongwe, muuza nguo atarudi sokoni kwake, mwalimu atapanga chumba karibu na shule. Kambi yetu ina mitaa inayoitwa Zomba na Blantyre. Wapo vijana waliozaliwa katika mitaa hiyo ambao hawajawahi kulala usiku mmoja katika Zomba wala Blantyre zenyewe.

Na hapa nawageukia wageni wetu, hasa nyinyi wa Lilongwe, ambao tunawapenda na kuwahitaji. Mnapolala kwetu usiku tatu, mnatumia uhuru ambao wenyeji wenu hawana. Nyinyi mmekuja bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi, kwa sera ilivyo, nikitaka kwenda kukaa kwenu natakiwa kuomba. Siwaambii haya ili mjisikie vibaya mkiwa mezani. Nawaambia ili mkirudi nyumbani mwulize swali linalofaa. Mkiulizwa, "Mlionaje huko?" msijibu tu kwamba watu wale ni wakarimu ajabu, wanatoa hata vitanda vyao. Semeni pia kwamba nchi yetu imeziweka familia elfu kadhaa mahali pa familia chache, na kwamba usiku ule mliolala kitandani, mwenye kitanda alilala mahali fulani. Ulizeni alilala wapi.

Kwa wenzangu wa Dzaleka ninaomba jambo dogo zaidi. Kabla ya tamasha lijalo kutakuwa na mikutano ya mitaa kama kawaida, na kama kawaida itazungumzia jukwaa, usalama na usafi. Tuongeze ajenda moja: idadi ya wageni kwa nyumba. Kila mwenye nyumba aje na namba tatu, yaani watu, magodoro na vyandarua, na akina mama waseme kwanza. Wakikubaliana kwamba ni wawili, iwe wawili. Wakisema mmoja, iwe mmoja. Mimi nitakuja na daftari na kalamu, na nyumba ya kwanza kuandikwa iwe yetu: watu saba, magodoro manne, vyandarua vitatu, mgeni mmoja.